Waimbaji Wetu Waagwe Wangali Wanasikia

Mkenya anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza anaijua Villa Park hata kama hajawahi kutia mguu Birmingham. Jumamosi ya Julai 5, 2025, uwanja huo wa Aston Villa haukuwa na mpira. Watu zaidi ya 40,000 waliujaza tangu mchana kumuaga Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya roki ya Black Sabbath, mzee wa miaka 76 aliyekulia mtaa huo huo wa Aston. Usiku ulipoingia akapandishwa kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi, kwa sababu miguu haikumbeba tena. Akaimba nyimbo tano zake mwenyewe, kisha nne na wenzake wa tangu ujana. Siku 17 baadaye akafariki.

Kuna waliosema lilikuwa tamasha la huzuni. Mimi nililitazama kwa simu hapa Nairobi, usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, wikendi ambayo jiji zima lilikuwa roho juu likisubiri maandamano ya Saba Saba, na nilichokiona ni furaha tupu. Nataka kueleza furaha hiyo ilivyopangwa, maana haikuja kwa bahati, na kwa nini sisi tunapaswa kuiiga kabla wazee wetu wa muziki hawajatuponyoka wote.

Sisi tuna mtindo wetu na sote tunaujua. Msanii aliyewachezesha wazazi wetu anaugua. Picha yake akiwa kitandani inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, chini yake nambari ya kutuma mchango. Watu wanatoa, maana Wakenya hawana mkono wa birika. Kisha anafariki, redio zinapiga nyimbo zake siku tatu mfululizo, kamati ya mazishi inakutana hotelini, na wanasiasa ambao hawakuwahi kununua hata kaseti yake wanashika kipaza sauti matangani. Sifa zote alizostahili zinamiminwa juu ya jeneza. Kati ya ile picha ya kitandani na lile jeneza hapakuwa na siku hata moja ambayo mwenyewe aliketi mbele ya watu wake, akasikia wanavyoziimba nyimbo zake, akawaambia kwaheri kwa kinywa chake.

Ozzy aliipata siku hiyo, na aliipata mahali panapostahili. Alizaliwa Desemba 3, 1948, akaitwa John Michael, akakulia katika nyumba finyu ya Lodge Road wakiwa watoto sita. Baba alikuwa fundi wa kiwandani, mama kibarua katika kiwanda cha vipuri vya magari. Aliacha shule akiwa na miaka 15. Akafanya kazi machinjioni, akafanya kazi ya kujaribu honi za magari, akafungwa wiki kadhaa katika jela ya Winson Green kwa wizi. Na utotoni, siku za mechi, yeye na wenzake waliwalindia mashabiki magari nje ya Villa Park wapate sarafu mbili tatu. Mtoto huyo tunamjua. Yuko nje ya uwanja kila Gor Mahia inapocheza, anaonyesha dereva kwa mkono mahali pa kuegesha, na mechi ikiisha ndiye wa kwanza kufika dirishani. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mlinda magari huyo ndiye aliyekuwa katikati ya uwanja, na wenye tiketi walikuwa wamemjia yeye.

Wenzake walitoka mitaa hiyo hiyo. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya mabati akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatwa ni vile vya kubana nyuzi. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni, akaiyeyusha, akaifinyanga kofia ndogo za vidole, akazipiga msasa mpaka zikaingia sawasawa, akabandika vipande vya ngozi juu ili zisiteleze. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa sauti nzito, ya chini. Sehemu kubwa ya ule mvumo ambao dunia nzima sasa inauita metali ilitokana na kijana wa kiwandani aliyekataa kuweka chombo chini. Bendi ilianza mwaka 1968, albamu ya kwanza ikatoka Februari 13, 1970, na miaka 55 baadaye Iommi alipanda jukwaa la Villa Park akiwa bado amevaa kofia za vidole.

Mtu anaweza kuniuliza, na ni swali la haki: huyu Ozzy si alishaaga mara nyingi? Ni kweli. Mwaka 1992 alitangaza kwamba anastaafu ziara, na mwaka 1995 alikuwa barabarani tena. Black Sabbath nao walifanya ziara yao ya mwisho, wakaimalizia Birmingham, ndani ya ukumbi wa Genting Arena, Februari 4, 2017. Kwa hesabu ya karatasi, hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri ya nyumbani. Lakini Bill Ward, mpiga ngoma wao tangu mwanzo, hakuwepo. Mambo ya mkataba yalikuwa yamemtenga. Mwaka 2019 Ozzy akaanguka nyumbani kwake na kuumia uti wa mgongo. Januari 2020 akatangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Februari 2023 akasema ziara basi, mwili umekataa.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa. Kwaheri ya 1992 ilikuwa ya biashara, ya 2017 ilikuwa ya ziara, na zote mbili zilipangwa kufuata ratiba ya bendi. Ya 2025 ilipangwa kufuata mwili wa mzee mmoja na mtaa mmoja. Dalili ilikuwa imeshaonekana Agosti 2022, alipotokea na Iommi kwenye ufungaji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola, uwanja wa Alexander hapo Birmingham, pale pale ambapo siku chache kabla Ferdinand Omanyala alitushindia dhahabu ya mita 100. Aliinuka, akaimba kidogo, uwanja ukatetemeka. Mtu mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuzunguka miji hamsini, lakini usiku mmoja nyumbani anauweza. Waandaaji waliuelewa ukweli huo, wakaujengea siku nzima.

Na siku hiyo ilijengwa kwa akili. Mpiga gitaa Tom Morello alipewa kazi ya kupanga muziki. Metallica wakaja, Guns N' Roses wakaja, Slayer, Tool, Pantera, Alice in Chains, Anthrax, Gojira, Halestorm, Mastodon, Lamb of God. Hizi ni bendi ambazo nyingi kati yake zingejaza uwanja zenyewe, na bado zilikubali kupiga nyimbo chache tu na kushuka, huku zikipiga pia nyimbo za Ozzy au za Sabbath. Kwa saa nyingi watu walimsikia mzee kupitia watoto wake kabla hajatokea. Kwa hiyo alipoinuliwa jukwaani, joto lilikuwa limeshapanda, mzigo ulikuwa umeshabebwa. Alichobaki nacho kilikuwa sehemu fupi ya mwisho, ile ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya.

Watu wa jando na arusi wanaujua mpango huu tangu zamani: mzee haanzi kucheza saa nane mchana. Vijana wanachangamsha uwanja, na yeye anaingia wakati ngoma imeiva.

Ward naye alirudishwa. Wanne wa mwanzo walisimama pamoja kwa mara ya kwanza tangu 2005, Ozzy na Iommi, Geezer Butler kwenye besi, na Ward nyuma ya ngoma, kifua wazi, mzee wa miaka 77 akipiga kama anayelipa deni. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko orodha yote ya mastaa waliokuja. Bendi nyingi, za kwao na za kwetu, huvunjika kwa ugomvi wa fedha na majina, na wazee wanaingia kaburini bila kusalimiana. Hapa walikutana wakiwa na pumzi.

Sauti yake ilikuwaje? Nitasema ukweli, maana kumsifu mtu kwa uongo ni kumdharau. Ilitetereka. Alipofika kwenye "Mama, I'm Coming Home", wimbo wa mtu anayerudi kwao, kuna mahali sauti ilipasuka na macho yakajaa machozi, na uwanja ukamchukua. Zile sauti elfu arobaini zikaushika mstari hadi yeye akapata pumzi na kurudi. Mikono ilimtetemeka lakini aliipiga makofi juu ya kichwa kama zamani, akitoa macho, akiwachokoza watu wapige kelele zaidi. Aliwaambia kwamba amelala kitandani kwa miaka kama sita na hawawezi kujua anavyojisikia usiku ule. Mara kadhaa alijaribu kuinuka kwenye kile kiti. Hakuweza, na hakuficha kwamba hawezi.

Wanaosema ni ukatili kumweka mgonjwa jukwaani nawaelewa, na yako matamasha ambayo lawama hiyo inayastahili: mzee anayesukumwa kuimba saa mbili kwa sababu kuna deni la kulipa, sauti yake ikizibwa na mashine, familia ikihesabu tiketi. Kilichoniridhisha Villa Park ni kwamba ugonjwa uliwekwa wazi, muda ulipunguzwa, kiti kilipambwa badala ya kufichwa, na mapato yalitangazwa mapema kwamba yanakwenda kwa taasisi ya Cure Parkinson's, Hospitali ya Watoto ya Birmingham, na Acorns, ambayo hutunza watoto wenye maradhi yasiyopona. Mgonjwa alikuwa anachangia wagonjwa wengine. Heshima yake ilikaa pale pale, na ndiyo maana watu waliweza kufurahi bila hatia.

Sasa turudi kwetu. Roki si muziki mgeni Nairobi kama wengi wanavyodhani. Redio ya X FM ilitulea kwenye 105.5. Parking Lot Grass na Murfy's Flaw walipiga gitaa nzito katika kumbi za jiji hili wakati wengine wakiwaita waabudu shetani, na Duma, vijana wawili wa hapa, walitoa albamu ya metali kali kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, ikasikika Ulaya kabla ya kusikika Buruburu. Lakini wanamuziki wa roki wa Nairobi bado ni vijana. Kwaheri ninayoiwazia ni ya wazee wengine, wa benga, wa rumba, wa zilizopendwa, wale ambao nyimbo zao tunazipigia kelele kwenye arusi saa nne usiku na hatujui kama wenyewe wako hai.

Uwezo wa kumuaga mtu kwa shangwe tunao. Sauti Sol walituonyesha Novemba 2023, Uhuru Gardens. Bien, Savara na Chimano walikuwa wanafunzi wa Upper Hill, hapa hapa mjini, Polycarp akajiunga nao baadaye, na walipoamua kupumzika kama kundi baada ya ziara ya nje walirudi kuimalizia nyumbani. Watu walikuja, wakaimba, wakalia, wakacheka. Walikuwa na bahati ya kuaga wakiwa na afya na nguvu, na kila mmoja akiwa na kazi yake ya kuendelea nayo. Wazee wao hawakuipata nafasi hiyo. Fadhili William na Daudi Kabaka, sauti mbili ambazo bila hizo huwezi kuisimulia historia ya muziki wa Kenya, tuliwapoteza mwaka mmoja, 2001. Nyimbo zao zinalisha hoteli za Pwani hadi leo, kila jioni, mtalii akitaka kusikia kitu cha Afrika.

Kikwazo kimoja, naamini, ni jinsi tunavyoifikiria nyumbani. Kwa Mnairobi, nyumbani ni ushago. Jiji ni mahali pa kazi, na mtu akifa anasafirishwa kwao. Kwa mazishi sina ugomvi na desturi hiyo, ni ya wazee wetu na ina maana yake. Lakini wimbo hauna ushago. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akawa jabali wa benga wa Kenya, akafariki Kisumu mwaka 2006. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakaanzia Mombasa, na bendi yao ya Simba Wanyika ikapata umaarufu Nairobi. Super Mazembe walikuja kutoka Zaire na kugeuka kuwa bendi ya hapa. Ukiuliza nyumbani kwa muziki huo ni wapi, jibu ni vyumba vya kurekodia na maduka ya santuri ya River Road, ni Kaloleni, ni Makadara, ni Garden Square. Birmingham ilijua Aston ni Aston. Sisi mwanamuziki akizeeka tunamwacha arudi mashambani kimya kimya, jiji lililomtajirisha kwa nyimbo likiwa halijamwambia hata asante.

Kikwazo cha pili ni pesa, na hapa nitapita haraka kwa kuwa kila mwanamuziki ameshalia kuhusu jambo hili. Bodi ya Hakimiliki na vyama vya kukusanya mirabaha, Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya (MCSK) kikiwemo, vimevutana kwa miaka mingi kuhusu leseni na hesabu, na anayeumia ni mzee anayesubiri mrabaha ambao ukifika hautoshi hata dawa za mwezi. Tamasha moja haliwezi kulitibu hilo. Linaweza hata kulifunika, na hapo inabidi tuwe macho. Mtu asije akasema mzee fulani alifanyiwa shoo, basi mirabaha yake isubiri.

Ninachopendekeza kinawezekana mwaka huu, na hakihitaji uwanja wa watu elfu arobaini. Ukumbi wa Kaloleni unatosha kuanzia. Achaguliwe mzee mmoja ambaye bado anaweza kuimba nyimbo tatu au nne, aulizwe yeye mwenyewe anataka nini, na akikataa aachwe kwa heshima. Waitwe wenzake wote wa bendi walio hai, hata wale wasiosemezana, na mtu mzima mwenye busara atumwe kuwapatanisha kabla ya mazoezi. Bendi za vijana, za genge, za benga, za roki, zibebe alasiri nzima, kila moja ipige wimbo wake na wimbo wa mzee. Mazoezi yafanywe naye, kwa ufunguo ambao koo lake la leo linaufikia. Ule wa mwaka 1975 ubaki kwenye santuri. Kiti kiwe kizuri. Awepo muuguzi nyuma ya jukwaa, na gari.

Mkataba wa rekodi uandikwe mapema, ili picha na sauti za siku hiyo ziwe mali ya mzee na warithi wake. Kosa la kizazi cha santuri lilikuwa kusaini bila kusoma, na tukilirudia mbele ya kamera za leo tutakuwa tumemwibia mtu mmoja mara mbili. Mapato yatangazwe hadharani wiki inayofuata, kiasi gani kilienda kwa mzee, kiasi gani kwa wapigaji, na kama mwenyewe anataka, kiasi gani kwa wodi ya hospitali anayoichagua.

Serikali ya kaunti ikitaka kusaidia, itoe ukumbi bure, ifunge barabara moja jioni hiyo, na isidai hotuba. Birmingham ilimpa Ozzy na wenzake hadhi ya juu ya raia wa jiji wiki moja kabla ya tamasha, mwishoni mwa Juni, wakiwa hai, wakaipokea kwa mikono yao. Nairobi ina uwezo huo pia, na ina majina ya kutosha. Ukipita mitaa ya Eastlands na kuuliza wazee wanaokunywa chai kibandani, watakuambia mpiga gitaa fulani anakaa nyumba ya ngapi, anatembea kwa fimbo siku hizi, na jioni ukimkuta barazani bado anashika gitaa. Hao ndio wa kuanza nao, na wa kuulizwa wiki hii.